Paa Ndilo Linalochagua Dirisha



Msikilizaji wetu mmoja wa Kigamboni anajenga. Boma lake limefika lenta, na fundi anamhimiza aamue mapema: madirisha yatakuwa ya mbao, au ya PVC, haya ya plastiki nyeupe ambayo siku hizi yanapita juu ya maguta kila kona ya jiji? Mama mwenye nyumba anataka mbao, kwa kuwa alikulia Tanga katika nyumba yenye madirisha ya mvule na tangu hapo hajaona kizuri kingine. Fundi anasema mbao ni mateso, kila mara brashi mkononi. Baba wa nyumba yeye anataka lile litakalodumu, basi.

Kabla sijajibu, nataka kujua jambo ambalo katika ujumbe wake hakuligusa hata kidogo. Hiyo nyumba itaezekwa paa gani?

Msidhani nakwepa swali. Nendeni Pangani, nendeni Bagamoyo, vukeni maji mpaka Mji Mkongwe wa Unguja. Mtaona madirisha ya mbao yenye umri mkubwa kuliko yeyote anayeishi nyumbani humo, na bado yanafunguliwa kila asubuhi na kufungwa kila magharibi. Halafu rudini Goba au Madale, kwenye nyumba ambayo rangi yake ya kwanza haijapauka, mtazame dirisha la mninga: vanishi imebanduka magamba, kona ya chini imekuwa nyeusi, ukibonyeza kwa kidole gumba ubao unabonyea. Mninga haujageuka kuwa mti laini. Na maseremala wazuri bado tunao. Kilichotoweka ni upenu.

Siku hizi tumelipenda paa la kuficha. Ukuta unapanda kupita bati, bati linalala nyuma yake, na mpita njia anaona kuta tupu zilizonyooka kutoka chini hadi juu. Picha yake inapendeza, sikatai. Lakini nyumba ya namna hiyo haina chochote kinachotokeza nje ya ukuta. Masika ikishuka, maji yanateremka kutoka juu ya ukuta hadi kwenye kichwa cha dirisha, yanatafuta maungio, yanaingia na kukaa. Mvua ikikatika, jua la saa nane linapiga ubao uleule uliolowa. Ukilowesha na kukausha ubao namna hiyo mwaka mzima, utavimba na kunywea, utavimba na kunywea, mpaka rangi ishindwe kuufuata.

Mbao haziozi kwa sababu ya uzee. Zinaozeshwa na kuvu, na kuvu inahitaji maji. Ubao ukibaki na unyevu ulio chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu haiwezi kuula, hata zipite karne mbili. Hewa yetu ya pwani ni nzito, lakini ubao usionyeshewa unatulia kwenye asilimia 15 au karibu na hapo. Maana yake ni kwamba pwani yenyewe haiui dirisha la mbao. Linauawa na maji ya mvua yanayolifikia moja kwa moja, na hasa yanayoingia kwenye vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, ambapo ubao hunywa maji kwa kasi kuliko ubavuni. Ndiyo maana uozo huanzia karibu kila mara kwenye kona ya chini, pale miimo inapokutana na kizingiti.

Wazee waliojenga Unguja walilijua hilo bila kupima unyevu kwa mashine. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana juu ya nguzo za chuma pande zake zote, na madirisha na milango ikawekwa ndani, kivulini. Jumba hilo limepata misukosuko mingi, na upande wake mmoja ukaanguka Desemba 2020, lakini funzo la roshani zile halikuanguka nalo. Kinga ilitangulia, dirisha likafuata.

Sasa hesabu kidogo, mnivumilie. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, limeinuka digrii 60 hivi. Desemba linakuwa upande wa kusini, juu zaidi. Upenu wa sentimita 90 kwenye ukuta wa kaskazini unatupa kivuli cha mita moja na nusu kwenda chini adhuhuri hiyo ya Juni, na hicho kinatosha dirisha la kawaida. Ukuta wa kusini ni rahisi zaidi. Wenye shida ni ukuta wa mashariki na wa magharibi, maana jua la asubuhi na la jioni linakuja limelala, na hakuna upenu utakaolizuia. Huko unahitaji baraza, mti, au shata za nje. Fundi anayekwambia madirisha yote ya nyumba yawe ya aina moja, hajasimama kiwanjani kwako jioni.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kigamboni, kama umeshaazimia paa la kuficha, weka PVC na usimpe mama mbao zitakazomwaibisha. Ukikubali paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 90, mpe mbao zake, na upande wa magharibi umwongezee baraza. Ipo na njia ya tatu: bamba la zege linalotokeza sentimita 60 juu ya kila dirisha, ambalo fundi hulimwaga pamoja na lenta. Wewe umefika hapohapo kwenye lenta. Nondo zikishafungwa na zege likimwagwa, nafasi hiyo imepita, na kuja kuchomeka bamba baadaye ni kubomoa.

Tuseme sasa umechukua PVC. Nataka uingie dukani ukiwa na maswali, kwa sababu plastiki hizi hazilingani, ingawa zote zimevaa nyeupe.

Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini inayotokana na chumvi. Kilichobaki hutoka kwenye mafuta ya petroli au gesi. Wajerumani ndio walioanza kuitengenezea fremu za madirisha, miaka ya 1950, na nchi yao ni ya baridi. Viwango vya Ulaya vinavyohusu fremu hizi vinazigawa makundi mawili: M, kwa ajili ya nchi zenye jua la wastani, na S, kwa ajili ya jua kali. Kwa kipimo chao, mahali ambapo wastani wa joto la mchana katika mwezi wa joto kuliko yote unafika nyuzi 22, hapo tayari ni S. Dar es Salaam haishuki mpaka huko hata Julai. Sasa muulize muuzaji: fremu hii ni M au S? Akikodoa macho, mwombe karatasi ya kiwanda. Akikosa karatasi, nenda duka la pili. Plastiki isiyoandaliwa kwa jua letu hupauka, ikageuka njano, ikatoa unga mweupe ukiipangusa, mwishowe ikawa ya kuvunjika.

Muulize pia kama ina risasi. Zamani madini ya risasi yalichanganywa humo ili plastiki isiharibike kwa joto. Viwanda vya Ulaya viliacha mwishoni mwa 2015 vikahamia kwenye kalisi na zinki, lakini si kila kiwanda duniani kimeacha, na nyumba yenye watoto wanaolamba kila kitu haina haja ya kubahatisha.

Mwombe akuonyeshe kipande kilichokatwa. Ndani unapaswa kuona vyumba vidogo vidogo, na katika kimojawapo chuma kilichopakwa zinki. Bila chuma hicho shata ndefu hujikunja. Rangi nayo: chukua nyeupe. Zile za kahawia zinazoiga mbao hupata joto zaidi juani, na PVC huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80. Mtu anayetaka sura ya mbao kwenye jua la magharibi kwa kutumia plastiki ya kahawia ananishangaza kidogo. Amekimbia kazi ya brashi, akakaribisha fremu iliyopinda ambayo haina dawa.

Halafu kuna kosa la ufungaji ambalo nimeliona kwenye nyumba za bei mbaya. PVC hurefuka sana ikipata joto. Mita mbili zake zikipanda nyuzi 30, huongezeka kama milimita 4. Mbao, kwa urefu wake, haziongezeki hata nusu milimita. Milimita 4 ni kitu kidogo, ila kama fundi amezungushia fremu saruji na plasta pande zote nne hadi ikabanwa, itakwenda wapi? Itapinda. Mchana shata inagoma kufunga, usiku inafunga, na mwenye nyumba anadhani ana mashetani. Inatakiwa nafasi ndogo kuzunguka fremu, ijazwe povu au silikoni inayonyumbulika. Na chini ya fremu kuna matundu ya kutolea maji. Mafundi wetu wenye bidii huyaona, wakadhani ni kasoro ya kiwanda, wakayaziba kwa silikoni. Mvua ya kwanza maji yanamwagikia sebuleni. Yaacheni matundu hayo wazi.

Upande wa mbao nako kuna mitego yake, na mimi naipenda mbao, kwa hiyo hapa nisamehewe nikikawia.

Watu huuliza jina la mti: "Fundi, huu ni mninga kweli?" Swali la maana ni kama umekauka. Mninga una heshima kwa sababu ukishakauka unatulia, haupindi wala haunywei ovyo. Lakini mninga mbichi una tabia kama za mti mwingine wowote. Seremala anayenunua mbao Jumatatu na kukuletea dirisha Ijumaa, amekuuzia dirisha litakalokaukia ukutani kwako. Tafuta mbao zilizopangwa kivulini kwa miezi, zikiwa na vijiti katikati zipitishe hewa, au zilizopita kwenye tanuri la kukaushia.

Tazama rangi. Sehemu ya ndani ya shina, nyekundu-kahawia kwenye mninga, ya dhahabu kwenye mtiki, ina kinga yake ya asili dhidi ya mchwa na bungua. Ile nyeupe ya nje haina kinga yoyote. Mtiki uliokatwa ungali mchanga una weupe mwingi, na wako wanaoupaka vanishi nzito ili usiuone. Geuza fremu, tazama mgongo wake ambao haukupakwa. Paini ya Mufindi nayo inaweza kutumika, mradi iwe imeshindiliwa dawa kiwandani. Kupakwa dawa juu juu hakutoshi.

Na uliza hati. Mninga na mkongo wetu hutoka kwenye misitu ya asili, na mti wa kupasua mbao huchukua miongo mingi kufikia unene huo. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama zikaingiza mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Hapa ndani, mbao halali husafiri na hati ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Mimi nikinunua leo, nanunua mtiki wa kupandwa, wa Longuza kule Muheza au wa bonde la Kilombero. Miti iliyopandwa ili ikatwe hainikoseshi usingizi, na kwa dirisha inafaa sawasawa.

Kuhusu brashi, fundi wa Kigamboni ana haki nusu. Vanishi angavu, inayoonyesha ubao ulivyo, inaruhusu pia miale ya jua kupenya na kuuchoma ubao chini yake, ndiyo sababu hubanduka. Rangi ya mafuta, yenye rangi halisi ndani yake, huzuia miale na hukaa zaidi. Chini ya upenu, kupaka upya kila baada ya miaka kadhaa kunatosha. Jahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, msimu baada ya msimu na hakuna nahodha anayeita kazi hiyo mateso. Dirisha likidai brashi mara moja baada ya muda mrefu hivyo tunapiga kelele. Ila lazima vichwa vya mbao vipakwe kabla fremu haijaunganishwa, na kizingiti kichongwe mfereji mdogo upande wa chini ili tone la maji likatike hapo lisitambae hadi ukutani. Ukimtembelea seremala, angalia kama ana tabia hizo mbili. Zikikosekana, jina la mti halitakusaidia.

Kuna anayesema moyoni, mbona huyu hataji aluminiamu, wakati nusu ya mji imeshafungwa hiyo? Naitaja. Haiozi, haiungui, haihitaji rangi, na mafundi wake wako kila mtaa. Kasoro yake ni kwamba inapitisha joto karibu mara elfu moja kuliko mbao au PVC, ambazo kwa jambo hilo ziko sawa. Katika nyumba inayoachwa wazi ipitishe upepo, kasoro hiyo si kubwa. Katika chumba chenye kiyoyozi, unaipoza fremu kwa umeme wako mchana kutwa.

Hapo tumefika kwenye tofauti kati yetu na wenzetu. Ndugu zetu walioko Toronto au Stockholm wakichagua kati ya plastiki na mbao, wanapigania joto lisitoke nje wakati wa theluji, kwa hiyo wanahesabu vioo viwili viwili na raba zisizopitisha hata pumzi. Matangazo ya madirisha tunayoyasoma yameandikwa kwa ajili yao. Dirisha la pwani yetu lina kazi iliyo kinyume: lipokee kusi kuanzia Aprili, lipokee kaskazi kuanzia Desemba, na liuachie upepo huo utokee upande wa pili. Kwa hiyo namna dirisha linavyofunguka ina uzito zaidi kuliko kitu lilichotengenezwa nacho. Dirisha la kusukuma, la upana wa mita moja na nusu, hufunguka nusu tu. Umelipia mita moja na nusu, umepata upepo wa sentimita 75. La shata hufunguka lote. Luva za zamani, zile tulizoziondoa kwa kuziona za kishamba, zilipitisha upepo hata mvua ikinyesha. PVC ya shata ipo, na muuzaji atakuletea ukiiomba. Usipoiomba atakupa ya kusukuma kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kwake.

Na shata zina ugomvi wake na wavu wa mbu. Zikifungukia ndani zinapigana na pazia. Zikifungukia nje, wavu unakaa ndani na lazima uwe na fremu yake ya kufunguka, la sivyo utauchana siku ya kwanza unapotafuta komeo. Amueni hilo kabla grili hazijachomelewa.

Nikitaja grili, niseme na hili. Wapo wanaowatisha watu kwamba PVC ikiungua hutoa moshi wa tindikali. Ni kweli, hutoa, na unachoma koo na macho. Lakini nyumba ambayo kila dirisha lina grili isiyofunguka, mbao au plastiki, ina hatari kubwa zaidi ya hiyo. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba na kufuli, na ufunguo uning'inie ndani, mahali mtoto anapafikia.

Karibu na bahari, kitu cha kwanza kufa kwenye dirisha huwa bawaba na skrubu. Chumvi ya hewani hula chuma cha kawaida, hata kilichopakwa zinki, na kutu ikivimba ndani ya ubao inaupasua. Kwenye mbao tumia bawaba na skrubu za shaba. Kwenye PVC na aluminiamu, dai chuma cha pua cha daraja 316, ambacho kinavumilia chumvi kuliko 304 ya kawaida. Atakwambia ni ghali. Mlipe. Ukizigawanya fedha hizo kwa miaka utakayokaa bila kuita fundi, utaona ni kidogo.

Nimalizie kwa wale ambao hawajengi, wana nyumba ya zamani, na kila fundi anayeingia anawashauri wang'oe mbao waweke PVC. Msikubali kabla ya kuchukua bisibisi. Chomeni kizingiti, chomeni miimo sehemu ya chini, chomeni ubao wa chini wa kila shata. Mara nyingi mtakuta uozo umeishia hapo, na mbao za juu ni kavu na ngumu. Seremala anaukata ubao ulioharibika mpaka afikie mahali pazima, anaunga kipande cha mti uleule, anakipaka kichwa chake rangi kabla ya kukipachika, anarudisha shata. Kazi hiyo haihitaji hata kubomoa plasta. Ila mtafuteni pia aliyesababisha maji kufika pale, aghalabu ni bomba la bati lililotoboka, mkalizibe kwanza.

PVC haiungwi hivyo. Kona yake ikipasuka unaagiza shata nzima, kama kiwanda bado kinatoa umbo lile. Kwa hiyo mliokwisha kuichagua, siku fundi anapokabidhi kazi, mdaini bawaba mbili za akiba na mita kadhaa za raba, mziweke kabatini pamoja na ile karatasi ya kiwanda yenye herufi S.